Haki Hufuata Namba, Hatari Hufuata Kipuri

Kiwanda cha magari kikitangaza kwamba kuna kasoro ya usalama, gari lenye hati ya salveji lina haki ya kutengenezwa bure sawasawa na gari ambalo halijawahi kuguswa na ajali. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wasemaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani wameambiwa kinyume chake, na wameamini. Mkongo aliyefika Kentucky akiwa mkimbizi, Mkenya anayefanya zamu za usiku Minnesota, Mtanzania anayesoma Texas: gari la kwanza wanaloweza kulimudu mara nyingi ni lile lililopata ajali, likafutwa na kampuni ya bima, likaundwa upya na kuuzwa kwa bei nafuu. Siku wanaposikia kwamba kiwanda kinayaita magari ya aina yao, huambiwa na muuzaji, na jirani, na wakati mwingine hata na karani wa mapokezi kwa wakala: la kwako ni salveji, halihusiki. Si kweli, na uongo huo unaweza kuua.

Nina jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Haki hiyo imefungwa kwenye namba ya chasisi, lakini hatari yenyewe imo ndani ya kipuri. Katika gari ambalo halijafunguliwa tangu lilipotoka kiwandani, namba na kipuri viko pamoja. Ukiuliza habari za namba, umeuliza habari za kipuri. Katika gari la salveji viwili hivyo huenda vilishaachana zamani, na hakuna karatasi inayosema viliachana lini. Kwa hiyo ushauri wangu una sehemu mbili ambazo hazitenganishwi: dai haki yako yote kwa kutumia namba ya chasisi, kisha usitosheke na jibu la namba peke yake.

Sheria inamfunga nani

Msingi wa mambo yote haya ni sheria ya shirikisho ya usalama wa magari ya mwaka 1966. Kiwanda kikigundua kwamba magari yake yana kasoro inayohatarisha maisha au hayakidhi kiwango cha usalama, au kikibanwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Barabara Kuu, NHTSA, mpaka kikubali, kina wajibu wa aina tatu. Kinapaswa kuiarifu mamlaka. Kinapaswa kuwaandikia barua wenye magari ndani ya siku 60. Na kinapaswa kuiondoa kasoro bila malipo, ama kwa kulitengeneza gari, ama kwa kulibadilisha, ama kwa kurudisha fedha. Kwa vitendo, karibu kila mara ni kutengeneza. Huo ndio mwito wa kiwanda ninaouzungumzia katika safu hii.

Wajibu wa kutengeneza bure una kikomo cha umri: haukihusu tena kiwanda iwapo gari lilinunuliwa na mwenye wake wa kwanza zaidi ya miaka 15 kabla ya mwito kutangazwa. Zamani kikomo kilikuwa miaka 10. Sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyokiongeza. Kikomo cha hati hakimo. Sheria haiulizi gari limepita mikono mingapi, limenunuliwa mnadani au kwa mtu wa mtaani, wala bima ililipa nini na lini. Inatazama kitu kimoja: je, gari hili limo katika kundi lenye kasoro? Nayo sababu iko wazi. Kasoro ya kiwandani ilikuwemo ndani ya gari kabla ya ajali kutokea, na haikuondoka eti kwa kuwa kampuni ya bima ilifunga hesabu zake.

Tukumbuke pia hati ya salveji ni kitu gani. Chanzo chake ni hesabu ya fedha. Kampuni ya bima hulinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari, na kila jimbo lina mstari wake. Texas gari huwa salveji gharama ikifikia thamani yake yote. New York mstari uko kwenye asilimia 75. Hivyo gari lilelile, kwa pigo lilelile, linaweza kuitwa salveji upande mmoja wa nchi na kubaki na hati safi upande mwingine. Likishaundwa upya hupelekwa kukaguliwa ili lipate hati ya kurudi barabarani, na katika majimbo mengi ukaguzi huo hulenga hasa kuhakikisha kwamba vipuri vilivyotumika si vya wizi. Mwenye gari huipokea hati mpya akidhani serikali imemthibitishia kuwa gari ni salama. Mara nyingi imemthibitishia tu kwamba risiti zake zimekamilika.

Mkanganyiko wa mapokezi unatokana na jambo jingine, nalo ni waranti. Waranti ni ahadi ya kibiashara kutoka kiwandani kwa mnunuzi, na viwanda vingi huandika ndani yake kwamba gari likifutwa na bima, ahadi imekwisha. Karani akiingiza namba ya chasisi ya gari la salveji, kompyuta humwambia waranti imezuiwa. Asiyetofautisha mambo hayo mawili husoma neno hilo na kumrudisha mteja nyumbani. Lakini mwito wa usalama si waranti. Waranti kiwanda hukupa kwa hiari yake na kwa masharti yake. Mwito ni deni ambalo sheria imekitwika kiwanda, na masharti ya waranti hayawezi kulifuta. Wala wakala hapati hasara yoyote kwa kukuhudumia, kwa kuwa kiwanda humlipa kipuri na saa za fundi.

Kwa hiyo ukikataliwa, usibishane kuhusu historia ya gari lako. Sema kwa utulivu kwamba hukuja kuomba waranti. Umekuja kwa ajili ya mwito wa usalama, na utaje namba ya mwito huo. Akiendelea kukataa, omba sababu kwa maandishi pamoja na jina la msimamizi wa karakana. Kisha piga simu kwenye huduma kwa wateja ya kiwanda chenyewe, maana wajibu ni wa kiwanda, na kiwanda kinaweza kumwagiza wakala huyo au kukuelekeza kwa mwingine. Hilo lisipofaa, peleka malalamiko NHTSA kwa simu 888-327-4236 au kwenye tovuti yao. Zingatia pia tarehe uliyolifikisha gari. Zikipita siku 60 tangu siku hiyo bila kasoro kuondolewa ipasavyo, sheria inaihesabu hali hiyo kuwa dalili ya kutosha kwamba kiwanda kimechelewa kupita kiasi. Bila karatasi yenye tarehe, siku hizo 60 huwezi kuzithibitisha.

Niwatendee haki mawakala: ziko sababu za kweli za kutokulifanyia kazi gari siku hiyohiyo. Huenda kipuri hakijafika. Huenda sehemu inayotakiwa kurekebishwa haimo kabisa, au fundi aliyeliunda upya alibadilisha mpangilio wa nyaya, au aliweka moduli ya gari la aina nyingine, hata marekebisho ya kiwanda yasiingie. Wakala akikuambia hivyo, amekupa taarifa ya maana sana kuhusu gari lako, na unapaswa kuitaka kwa maandishi. Jibu la "sehemu hii si ya gari hili" ni tofauti kabisa na "gari lako ni salveji". La pili halina msingi wa kisheria. La kwanza linatupeleka kwenye kiini cha safu hii.

Kipuri kinapohama

Mfano mkubwa kuliko yote ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Ndani ya kila mfuko kuna mkebe wa chuma uitwao kipulizio, wenye kemikali ambayo, gari likigonga, huwaka kwa kufumba na kufumbua na kutoa gesi ya kuujaza mfuko. Takata walitumia amonia naitreti. Kemikali hiyo, ikiathiriwa kwa miaka mingi na unyevu na joto linalopanda na kushuka, huharibika na kuanza kuwaka kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Shinikizo likizidi uwezo wa mkebe, chuma hupasuka, na vipande vyake hurushwa kupitia kitambaa cha mfuko kuelekea shingoni na usoni kwa dereva. Honda ilianza kuyaita magari mwaka 2008. Baadaye mwito ulienea hadi kampuni 19 na vipulizio milioni 67 Marekani peke yake. Takata yenyewe ilikiri kosa la ulaghai mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017, na mwaka huohuo ikafilisika. Katika kundi lililo baya zaidi, la baadhi ya magari ya Honda na Acura ya miaka 2001 hadi 2003, NHTSA ilitangaza Juni 2016 kwamba uwezekano wa mkebe kupasuka mfuko unapofyatuka ulifikia hadi asilimia 50.

Mwezi Machi 2017, jijini Las Vegas, msichana mmoja aliyekuwa akiendesha Honda Accord ya mwaka 2002 aligonga, kipulizio kikapasuka na vipande vya chuma vikamjeruhi vibaya shingoni. Alinusurika. Uchunguzi ulionyesha kwamba kipulizio hicho hakikuwa cha gari lile. Kilitoka kwenye Accord ya mwaka 2001. Gari lilikuwa limepata ajali awali, likafutwa na bima, likaundwa upya na kuuzwa, na aliyeliunda alitafuta mfuko wa hewa mahali unapopatikana kwa bei ndogo, yaani kwenye gari jingine lililokufa. Familia iliyolinunua haikuwa na njia ya kawaida ya kulijua hilo. Mwito humtafuta mwenye gari kwa namba ya chasisi, na kipuri kile kilikuwa kimeiacha namba yake kwenye yadi ya skrepa.

Hali inaweza kuwa ya hadaa zaidi ya hapo. Chukua gari ambalo mwenye wake wa kwanza aliitikia mwito na kubadilishiwa kipulizio. Kumbukumbu za kiwanda zikaandikwa: kazi imekamilika. Miaka miwili baadaye gari likagonga, mfuko mpya ukafyatuka, bima ikalifuta gari. Aliyelinunua mnadani akaweka usukani wenye mfuko wa mtumba kutoka kwenye gari ambalo halikuwahi kupelekwa kwa wakala. Leo ukiingiza namba ya chasisi kwenye mtandao wa NHTSA utaambiwa hakuna mwito uliobaki. Jibu hilo ni la kweli kuhusu gari jinsi lilivyokuwa kabla ya ajali. Kuhusu gari ulilokalia sasa, halisemi kitu.

Kosa la namna hii haliishii kwenye mifuko ya hewa. Mwaka 2014 General Motors iliita magari milioni 2.6, mengi yakiwa madogo kama Chevrolet Cobalt, kwa sababu swichi ya kuwashia iliweza kuteleza gari likiwa mwendoni, ikazima injini na kuinyima umeme mifuko ya hewa. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Swichi hiyo ilikuwa imeboreshwa kimyakimya miaka kadhaa kabla ya mwito, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa, hivyo nzuri na mbovu zikabeba jina moja. General Motors ililazimika kuyaongeza kwenye mwito hata magari ya miaka ya baadaye yaliyotoka kiwandani na swichi nzuri, kwa kuwa baadhi yake huenda yaliwekewa swichi mbovu yalipokuwa yakitengenezwa. Kiwanda chenyewe kilikiri kwamba namba ya chasisi haitoshi kujua kilichomo ndani.

Na lipo tatizo jipya zaidi. Mwezi Julai 2024 NHTSA ilitoa tahadhari kuhusu vipulizio vya bei rahisi, visivyokidhi kiwango, vinavyowekwa kwenye magari yaliyowahi kugonga. Ndani ya miezi tisa watu watatu walikuwa wamekufa na wawili wamepata majeraha ya kudumu, katika ajali ambazo mfuko halali ungewalinda. Vipulizio vya namna hiyo haviko kwenye mwito wa gari lolote kwa namba yake, kwa sababu hakuna kiwanda cha magari kilichovifunga. Anayevifunga ni fundi wa gereji anayetafuta kupunguza gharama, na gari analolifungia kwa kawaida limewahi kugonga mpaka mfuko ukafyatuka. Gari la salveji ndilo mlango mpana wa vipuri hivi.

Imani zinazotuponza

Imani ya kwanza ni kwamba kama barua haikuja, mwito haupo. Barua hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa na jimbo. Gari la salveji hupita kwa bima, mnadani, kwa muundaji na kwa muuzaji kabla ya kukufikia, na katika safari hiyo linaweza kukaa miezi bila kusajiliwa kwa jina la mtu. Barua yako huenda ilikwenda kwa mtu aliyelipwa fidia na kulisahau gari hilo. Tafuta mwenyewe kwa namba ya chasisi, tarakimu na herufi zote 17, na urudie angalau mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa mwito mpya unaweza kutangazwa wiki moja baada ya kununua. Fahamu pia kwamba mtandao wa NHTSA hauonyeshi miito iliyopita miaka 15. Kwa gari kongwe zaidi, mpigie wakala.

Ya pili ni kwamba muuzaji mwenye leseni hawezi kuuza gari lenye mwito ambao haujafanyiwa kazi. Anaweza. Sheria ya shirikisho inakataza hivyo kwa magari mapya, na tangu Juni 2016 inazikataza pia kampuni za kukodisha zenye zaidi ya magari 35. Sheria hiyo ya kukodisha ina majina ya dada wawili, Raechel na Jacqueline Houck, waliokufa California mwaka 2004 ndani ya gari la kukodi lililokuwa na mwito. Kwa gari la mtumba linalouzwa, katazo kama hilo halipo. Huo ni upungufu mkubwa wa sheria ya Marekani, na anayeubeba ni maskini, kwa sababu ndiye anayenunua mtumba.

Ya tatu ni kwamba taa ya mfuko wa hewa isipowaka, mfuko uko salama. Taa hiyo hupima mzunguko wa umeme tu. Haioni kemikali iliyoharibika ndani ya mkebe. Vipulizio vya Takata vilivyopasuka vilikuwa kwenye magari ambayo taa zake hazikulalamika. Isitoshe, fundi asiye mwaminifu anaweza kuidanganya kwa kifaa kidogo cha kuzuia umeme, ikatulia hata kama nyuma ya kifuniko cha usukani hakuna kitu. Unapokagua gari, washa swichi na utazame: taa inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha izime. Isiyowaka kabisa ina siri sawa na ile inayokataa kuzima.

Ya nne ni kwamba hati safi ni gari safi. Ziko njia za kulihamisha gari kutoka jimbo hadi jimbo mpaka alama ya salveji ipotee kwenye hati. Kuna mfumo wa taifa wa taarifa za hati, NMVTIS, ambao kampuni za bima na yadi za skrepa zimelazimika kuupelekea taarifa tangu mwaka 2009. Ripoti yake hupatikana kwa malipo madogo, na nisingenunua gari la mtumba Marekani bila kuisoma. Usione vyaelea, vimeundwa, na kwa gari la salveji swali la kwanza ni nani aliyeunda na kwa vipuri vya nani.

Kwetu nako

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala asidhani haya hayamhusu. Magari mengi ya mtumba tunayoendesha yametoka Japani, na Japani ilipata dawa inayofaa kuigwa. Kuanzia Mei 2018 wizara inayohusika na usafiri ilikataa kuyapitisha kwenye ukaguzi wa lazima magari yenye vipulizio hatari vya Takata ambavyo havijabadilishwa. Bila ukaguzi huo gari haliruhusiwi barabarani, hivyo mwenye gari alilazimika kuitikia. Lakini fimbo hiyo hufanya kazi ndani ya Japani. Gari likishapakiwa melini, barua za kiwanda hazina tena anwani ya kufikia, na ukaguzi uliomlazimisha mwenye wa kwanza haumgusi mwenye wa pili. Joto na unyevu wa pwani yetu ni hali ileile iliyoviharibu vipulizio haraka Florida na Malaysia.

Nasi tuna salveji zetu, ingawa hatuna hati ya jina hilo. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, gari lililowahi kugonga na kutengenezwa huandikwa daraja la R au RA, na mnunuzi wa mwisho huku kwetu mara nyingi haioni karatasi hiyo. Vipuri vya kulikamilisha hutoka kwenye magari yaliyokatwa Japani au Dubai na kuuzwa Kariakoo au Grogan. Kwa vipuri vya bodi sina ugomvi. Kwa mfuko wa hewa, kikaza mkanda na moduli inayoviamrisha, msimamo wangu haubadiliki: usinunue vya mtumba, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Ukiwa na Corolla au gari jingine la miaka ya 2000, chukua namba ya fremu jinsi ilivyo, pamoja na herufi za mwanzo, uiingize kwenye tovuti ya Kijapani ya kiwanda husika au umpelekee wakala wa kiwanda hicho hapa nchini, umwombe akuangalizie.

Cha kufanya

Kwa aliyekwisha kununua gari la salveji, mpangilio wangu ni huu. Tafuta miito kwa namba ya chasisi na uipeleke yote kwa wakala, hata ile inayoonekana midogo. Kama tangazo limesema usiendeshe, usiendeshe. Mara nyingi kiwanda hugharimia kulivuta gari au kumtuma fundi nyumbani. Kama limesema egesha nje mbali na nyumba, kama Hyundai na Kia walivyoagiza kwa magari zaidi ya milioni 3 mwaka 2023 kwa sababu ya hatari ya moto kwenye kitengo cha breki, egesha nje hata wakati wa baridi kali. Kisha lipa kwa ukaguzi wa pili, ambao mwito hauugharimii: mwombe fundi aliyesomea mifuko ya hewa afungue kifuniko cha usukani na cha dashibodi, asome namba ya kipulizio na kuilinganisha na kumbukumbu za kiwanda. Ikionekana ni cha gari jingine lililo kwenye mwito, au hakina namba, au chapa yake haijulikani, nunua moduli mpya ya kiwanda kabla ya safari inayofuata. Ni ghali. Fedha hiyo iingize kwenye bei tangu siku ya kununua, na kama baada ya kuijumlisha gari si rahisi tena, basi halikuwahi kuwa rahisi. Kama uliwahi kulipia matengenezo ya kasoro kabla ya mwito kutangazwa, tunza risiti, maana kiwanda kinatakiwa kuwa na utaratibu wa kurudisha fedha hizo.

Bado juhudi ya mtu mmoja mmoja haitaziba pengo lililoachwa na sheria. Jimbo linalotoa hati ya gari lililoundwa upya lisiitoe mpaka miito yote iwe imekamilika na vipulizio vimesomwa namba, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee ambapo gari husimama mbele ya mkaguzi likiwa na vipuri vyake vipya. Yadi za skrepa zipigwe marufuku kuuza mifuko ya hewa iliyo kwenye mwito, na viwanda viendelee kuinunua ili iteketezwe, kama baadhi yao walivyofanya wakati wa Takata. Usajili wa kila mwaka ufungwe na miito mikubwa. Australia ilifanya hivyo: mwito wake wa lazima ulianza mwaka 2018 kwa magari yapatayo milioni 3, majimbo yakakataa kusajili magari yasiyotengenezwa, na karibu yote yakarekebishwa. Kwetu Afrika Mashariki, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yaweke sharti la wazi kwamba gari lisipakiwe melini mpaka namba yake ya fremu imeulizwa kiwandani na mwito wake umefanyiwa kazi kulekule Japani, ambako kipuri kipo na kiwanda kina wajibu. Hilo halihitaji maabara wala mashine. Linahitaji swali moja la nyongeza kwenye fomu ya ukaguzi ambayo mnunuzi analipia tayari, na wenye mamlaka ya kuliandika wanaweza kuliandika mwaka huu.